RANGI JUU YA TAPI YA GARI: NI UZURI AMA NI UDANGANYIFU?

Bismillahi Rahmani Rahim.

Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote, anayejua yaliyo wazi na yaliyofichwa. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, masahaba wake na wote wanaowafuata kwa wema mpaka siku ya Kiyama. Ama baad.



Ijumaa hii tunajibu swali la kijana mmoja wa msikiti wetu. Alitufuata baada ya sala ya Alasiri, akakaa kando mpaka watu wote walipotoka. Kazi yake ni kutengeneza magari ya zamani kwa ndani. Anaosha viti, anashona palipopasuka, na zaidi ya yote anapaka rangi tapi, yaani zulia la chini ya gari, lile lililochakazwa na jua na viatu. Akasema: "Ustadhi, watu wananiambia kazi yangu ni udanganyifu. Gari la miaka 25 linaingia kwangu likiwa mzee, linatoka likiwa kijana. Kisha mwenyewe analipeleka kuliuza. Je, pesa ninayopeleka nyumbani ni halali?"

Labda mtu atasema: nchi yetu ina vita na njaa, na ninyi mnakaa kuzungumza juu ya tapi ya gari? Ndugu yangu, chakula cha watoto wa kijana yule kinatoka kwenye tapi hiyo. Tena karibu kila mmoja wetu ana kitu cha zamani anachokitengeneza ili akiuze: pikipiki, simu, cherehani, friji, mlango wa nyumba. Hukumu ya tapi inavigusa vyote hivyo. Basi tusikilizane.

1. TUIJUE KWANZA KAZI YENYEWE

Haifai kutoa hukumu juu ya jambo usilolijua. Kwa hiyo tulikwenda mahali pake pa kazi, tukatazama.

Magari mengi ya kwetu mashariki mwa Kongo ni ya okazioni. Mengi yametumika kwanza miaka mingi huko Japani, yakavuka bahari mpaka bandari ya Dar es Salaam ama Mombasa, kisha yakaja kwa barabara. Ndiyo sababu usukani wake uko kuume, na sisi pia tunatembea kuume. Gari la namna hiyo likifika, injini inaweza kuwa nzima kabisa, lakini ndani limezeeka. Mwanga wa jua unaopita kwenye vioo unakula rangi ya tapi kidogo kidogo. Iliyokuwa nyeusi inageuka kuwa kijivu ama kahawia. Na pale kisigino cha shofere kinapokaa, karibu na pedali, nyuzi zinalala na kuisha.

Kijana anafungua viti, anang'oa plastiki za milangoni, anatoa tapi yote nje. Anaipiga mpaka vumbi liishe, anaiosha kwa sabuni na brosi, anaisuuza mpaka maji yatoke masafi, anaianika hata siku 2. Ikiwa na unyevu, rangi haishiki sawasawa na ukungu unaota. Kisha anajaribu rangi kwenye pembe inayofichwa na kiti. Ikikubali, anaipaka nyembamba nyembamba, mara 2 ama 3, na kila mara anapitisha brosi ili nyuzi zisishikane zikawa ngumu kama ubao. Mwisho anasugua kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kikitoka na rangi, kazi haijaisha, maana rangi hiyo itahamia kwenye viatu na suruali za watu.

Alitufundisha pia mipaka ya kazi yake. Rangi ya giza inaweza kufunika rangi hafifu, lakini rangi hafifu haifuniki ya giza. Doa la mafuta lisipotolewa kwanza, litarudi kuonekana. Nyuzi za nailoni hukubali rangi vizuri; kuna nyuzi nyingine za plastiki ambazo rangi ya kawaida haiziingii, inakaa juu tu na kutoka. Na mahali penye tundu, rangi haizibi kitu.

Kisha alituonyesha jambo tulilokuwa hatulijui. Chini ya tapi kuna sponji nene, na chini ya sponji kuna bati la gari. Kama mpira wa kioo cha mbele umechoka, ama gari limewahi kusimama katika mafuriko, maji huingia na sponji huyanywa. Tapi ya juu inaweza kukauka, na sponji ikabaki mbichi kwa muda mrefu. Bati linaliwa na kutu taratibu bila mtu kuona. Fundi anayeng'oa tapi anaona yote: matope yaliyokauka pembeni, bolti za viti zilizoshika kutu, bati ambalo ukilibonyeza kwa bisibisi linatoboka. Kijana alisema: "Ustadhi, juu ya tapi kila gari linajipendekeza. Chini ya tapi ndipo linaposema kweli."

Maneno hayo tuyashike. Tutayarudia.

2. RANGI PEKE YAKE SI HARAMU

Ndugu Waislamu, dini yetu haichukii uzuri. Katika hadithi aliyoipokea Imam Muslim, mtu mmoja alimwambia Mtume (S.A.W.) kwamba mtu hupenda nguo yake iwe nzuri na viatu vyake viwe vizuri. Mtume hakumkemea. Alifahamisha kwamba Allah mwenyewe ni mzuri na anapenda uzuri, na kwamba kiburi ni jambo jingine: ni kuikataa haki na kuwadharau watu.

Tena dini yetu haichukii kukitengeneza kitu cha zamani. Bibi Aisha (R.A.) ameeleza kwamba Mtume (S.A.W.) nyumbani mwake alikuwa akishona viatu vyake na nguo zake kwa mkono wake. Hakukitupa kitu kwa sababu kimechakaa. Mwenye gari la zamani akilisafisha na kulipaka rangi ili yeye na watoto wake wakae mahali pazuri, hajafanya kosa lolote. Amejiepusha na israfu, na amempa fundi kazi.

Hata juu ya kupaka rangi kwa ajili ya uzee tunalo funzo. Siku Makka ilipofunguliwa, mwaka wa 8 Hijria, aliletwa mzee Abu Quhafa, baba yake Abu Bakr, nywele na ndevu zikiwa nyeupe kabisa. Mtume (S.A.W.) aliamuru zibadilishwe rangi, lakini akasema waiepuke nyeusi. Wanachuoni wamehitilafiana juu ya hukumu ya nyeusi. Baadhi yao wamesema ubaya wake unatokana na udanganyifu, yaani mzee ajifanye kijana mbele ya mtu anayetaka kujua umri wake, kama vile katika kuposa. Angalieni: rangi ni ileile, nywele ni zilezile. Kinachopimwa ni nani anadanganywa, na katika jambo gani.

3. TAPI NI SHAHIDI

Sasa tuingie kwenye shida yenyewe. Mtu anaosha gari lake kabla ya kuliuza, na hakuna anayemwita mwongo, kwa sababu kila mnunuzi anajua kwamba gari la kuuza huoshwa. Je, kupaka tapi rangi ni kama kuosha?

Tuliwauliza watu wanaojua kununua magari. Walisema mnunuzi mwenye akili haamini ile mashine inayohesabu kilometa, maana inaweza kurudishwa nyuma. Anatazama mpira wa pedali, anatazama usukani mahali mikono inaposhika, na anatazama tapi chini ya kisigino cha shofere. Kama mashine inasema kilometa kidogo na tapi imekwisha, anajua kuna uongo.

Basi tapi ni shahidi. Imekaa ndani ya gari tangu siku ya kwanza, na inatoa habari ya jua lililoingia, ya miguu iliyokanyaga, ya maji yaliyopita. Ukiipaka rangi, umemnyamazisha shahidi huyo. Huenda hukukusudia, lakini amenyamaza.

Na hukumu yetu ni hii: aliyemnyamazisha shahidi ni lazima aseme mwenyewe yale ambayo shahidi angeyasema. Ukisema, rangi yako ni uzuri. Ukinyamaza nawe, rangi yako imekuwa pazia la udanganyifu.

Hili hatukulitunga sisi. Waarabu zamani walikuwa na hila ya kumfunga kondoo ama ngamia chuchu siku kadhaa asikamuliwe, ili kiwele kijae na mnunuzi adhani ana maziwa mengi. Muuzaji hakusema uongo hata neno moja. Kiwele ndicho kilichosema kwa niaba yake. Pamoja na hayo Mtume (S.A.W.) alikataza, na akampa mnunuzi hiari: akishakamua na kugundua, akitaka atabaki naye, akitaka atamrudisha pamoja na pishi ya tende kwa ajili ya maziwa aliyoyakamua. Tunajifunza kwamba mtu anaweza kudanganya bila kufungua kinywa.

4. MKONO NDANI YA RUNDO LA CHAKULA

Hadithi inayojulikana zaidi katika mlango huu aliipokea Abu Huraira (R.A.), na imo katika Sahihi Muslim. Mtume (S.A.W.) alipita sokoni akakuta rundo la nafaka. Juu lilikuwa kavu. Akatia mkono wake ndani, vidole vikakuta umaji. Akamuuliza mwenye mali: hii ni nini? Yule mtu akajibu kwamba mvua ilinyesha juu yake. Mtume akamuuliza kwa nini basi hakuiweka ile mbichi juu ili watu waione, kisha akatamka kwamba mwenye kughushi hayumo pamoja naye.

Ndugu zangu, tuitazame hadithi hii vizuri. Mtu yule hakuileta mvua; mvua ni kadari ya Allah. Mtume hakumlaumu kwa sababu nafaka ililowa. Hakumwambia kwamba nafaka mbichi haiuzwi. Alimlaumu kwa mpango wake tu: kavu juu, mbichi chini.

Sasa tazameni gari. Juu tapi nyeusi, nzuri, inanukia. Chini sponji mbichi na bati lililooza. Ni rundo lilelile la nafaka. Mkono ulioingia ndani ya rundo ndio mkono unaoinua tapi. Kila anayeuza ajiulize: leo Mtume (S.A.W.) akipita kwenye garaji yangu na kuinua tapi hii mbele ya mnunuzi, uso wangu utakuwaje?

5. VISINGIZIO TUNAVYOJIPA

Cha kwanza: "Mnunuzi ana macho, atazame mwenyewe." Ndiyo, ana macho. Lakini wewe umetumia pesa ili macho yake yasione. Huwezi kumfunga mtu kitambaa usoni kisha ukamlaumu kwa kutoona.

Cha pili: "Nimeuza kama lilivyo, tumekubaliana hakuna kurudisha." Wanachuoni wengi, na miongoni mwao wa madhehebu ya Shafii tunayoyafuata, wanasema sharti kama hilo halimwokoi muuzaji katika kasoro ya gari aliyoijua akaificha. Mnunuzi akiigundua ana haki ya kulirudisha. Na wanachuoni wa Kihanbali wanamruhusu hata kubaki na kitu na kudai tofauti ya bei. Tena hata mnunuzi asipogundua kamwe, Allah amekwisha kugundua.

Cha tatu ndicho kizito: "Nikisema kweli bei itashuka, na watoto wangu watakula nini?" Kisingizio hiki hatukidharau. Mwandishi wa karatasi hii anakijua, maana alikitumia.

Mwaka 2014 niliuza Corolla ya zamani. Kila masika maji yaliingia miguuni kwa abiria. Nilipeleka tapi ikapakwa rangi, ikawa kama mpya, na bati la chini nililiona kwa macho yangu jinsi lilivyooza. Mnunuzi alikuwa mwalimu wa shule, baba wa watoto wengi, na pesa yake aliikusanya dola kwa dola. Alinisifu: "Ustadhi, gari lako umelitunza." Sikumjibu kitu, nikatabasamu. Nilikuwa na ada za watoto za kulipa, na kweli nilizilipa. Masika yaliyofuata nilimwona barabarani amepanga matofali chini ya kiti cha abiria, na bati limetoboka kiasi cha kuona lami. Hakunilaumu. Alinisalimia kwa adabu na kusema hiyo ndiyo mitihani ya dunia. Alidhani ni bahati mbaya.

Nilisalisha watu Magharibi siku ile, na sikujua nimesoma sura gani. Ilinichukua miezi kabla ya kumwendea na kusema: "Mwalimu, nilijua." Tulikwenda pamoja kwa fundi wa kuchomea, akatuambia gharama ya kubadilisha bati, nikalipa kwa mara 4. Deni la pesa liliisha. Lakini yule mwalimu hakuniita tena "umelitunza". Pengine amenisamehe. Namwomba Allah anisamehe na mimi.

Ninayasema haya si kwa kujionyesha. Ninayasema ili mwenye tapi ya namna hiyo nyumbani kwake leo asingoje miezi kama mimi.

Na juu ya chakula cha watoto, tukumbuke hadithi ya Hakim bin Hizam (R.A.), waliyoipokea Bukhari na Muslim, kwamba wanaouziana wakisema kweli na kubainisha, hubarikiwa katika biashara yao, na wakificha na kusema uongo, baraka yake hufutwa. Pesa inaweza kubaki mfukoni na baraka ikawa imekwisha kutoka.

Imam Abu Hanifa, aliyefariki mwaka 150 Hijria, alikuwa mfanyabiashara wa nguo mjini Kufa. Imesimuliwa kwamba alimkabidhi mshirika wake mzigo, akamwambia kuna nguo moja yenye kasoro, amwonyeshe mnunuzi. Mshirika akauza na akasahau kuonyesha, wala hakumjua aliyeinunua. Abu Hanifa alipopata habari, alitoa sadaka thamani ya mzigo wote. Hapo kulikuwa na kusahau tu. Je, sisi tunaokusudia?

6. JIBU KWA KIJANA WETU

Mwanangu, kazi ya mikono yako ni halali, na ni kazi nzuri. Unakipa uhai kitu ambacho wengine wangekitupa. Anayekuletea gari lake ili alitumie mwenyewe, mfanyie kazi kwa moyo wote, na mshahara wake ule kwa furaha. Anayekuletea gari na hukujua atalifanyia nini, huna wajibu wa kumpeleleza.

Lakini ukiing'oa tapi ukaona bati limeoza, usinyamaze. Mwite mwenye gari, mwonyeshe, mwambie kwanza litengenezwe bati ndipo irudi tapi. Akikujibu: "Funika tu, nauza wiki ijayo," hapo umekwisha kujua. Katika Suratul Maida Allah ametuamuru tusaidiane katika wema na uchamungu, wala tusisaidiane katika dhambi na uadui. Wanachuoni wengi wamemkataza Muislamu kumuuzia zabibu mtu anayejua kwamba atazifanya pombe, ingawa zabibu ni halali. Rangi yako ni kama zabibu hizo. Kataa kazi hiyo kwa upole, hata kama siku hiyo utarudi nyumbani na mfuko mtupu. Allah hamwachi anayeacha kitu kwa ajili yake.

Na ninyi mnaouza, na makomisioneri mnaosimama katikati mkila kwa muuzaji na kwa mnunuzi, jifunzeni maneno haya machache: "Ndugu, tapi hii imepakwa rangi. Chini yake iko hivi. Inua uone." Huenda bei ikashuka kidogo. Huenda pia mnunuzi akasema: huyu hakunificha, nitampeleka na kaka yangu kwake.

Na ninyi mnaonunua, msione haya kuinua tapi. Si kumtuhumu mtu. Mtume wetu (S.A.W.) alitia mkono ndani ya nafaka, na hakuna aliye na adabu kuliko yeye.

Ndugu Waislamu, sisi wenyewe tunavaa nguo safi siku ya Ijumaa, tunapaka manukato, tunakaa safu kwa safu juu ya mazulia ya msikiti. Huo ni uzuri na umeamrishwa. Lakini itakuja siku ambayo siri zote zitafichuliwa, na kila kilichofunikwa kitainuliwa. Heri anayejiinulia mwenyewe leo, mbele ya ndugu yake, kabla hajainuliwa mbele ya viumbe wote.

Ewe Mola wetu, tupe riziki ya halali hata ikiwa kidogo, na utukinge na ya haramu hata ikiwa nyingi. Zipe nguvu ndimi zetu kusema kweli wakati wa kuuza, na mioyo yetu kusamehe wakati wa kudanganywa. Uwasamehe wazazi wetu na marehemu wetu, uiponye nchi yetu, na uwape amani watu wake wote. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

(Karatasi hii ina jina la Allah. Tafadhali usiitupe chini wala usifungie kitu. Ukiisha kuisoma, mpe jirani yako.)